Bima kwa Mwenye Maradhi Tayari: Tunajibu Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zina swali moja lililovaa nguo tofauti: mtu aliyekwisha kuugua atapata wapi bima ya afya anayoweza kuilipa? Tumechagua saba, na yaliyofanana tumeyaunganisha. Fedha zote ni shilingi za Kenya.

Mume wangu ana kisukari mwaka wa tano sasa, na presha juu yake. Mimi nauza mahamri na viazi karai hapa Kisauni, yeye ni fundi wa mbao, hatuna mshahara. Ajenti wa bima aliposikia maradhi yake akasema tutalipa ada ya juu na tungoje mwaka mzima kabla kisukari hakijaanza kulipiwa. Tushike njia gani?
*Mama wa Kisauni*

Mama, anzeni na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya serikali, hata kama mna nia ya kununua bima ya kampuni baadaye. Mamlaka hii ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 ikachukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya wa taifa, chini ya sheria ya mwaka 2023. Mchango wake hupimwa kwa mapato wala si kwa afya. Ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na haushuki chini ya 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mwenye kisukari na asiye nacho wakiwa na kipato sawa hulipa sawa, na hakuna anayetengwa kwa ugonjwa aliokuja nao. Hakuna kampuni mjini itakayokupa sharti hilo kwa bei hiyo.

Piga *147# kwa simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, au nenda Huduma Center, au mwite mhudumu wa afya wa mtaa wenu akuandikishe. Mmoja wenu awe mchangiaji, kisha amwongeze mwenzake na watoto. Hapo ndipo wengi hukwama: jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa haliandikwi kama lile la mfumo, au mke bado ana jina la kwao kwenye kitambulisho. Rekebisheni sasa, kwa sababu kaunta ya hospitali usiku wa manane si mahali pa kurekebisha jina.

Baada ya kujiandikisha kuna maswali ya kupima uwezo: nyumba ni ya namna gani, maji mwapata wapi, choo, umeme, mwapikia nini. Jibuni kwa ukweli na kwa ukamilifu. Asiyeyamaliza hapati kiasi cha kulipa, akabaki miezi akidhani yumo kumbe hayumo. Mkiona kiasi mlichopangiwa kimezidi uwezo wenu, mna haki ya kuomba kipitiwe upya. Msikubali kimya kimya kisha mkashindwa kulipa.

Lililo gumu kwa watu wa biashara ndogo ni kwamba asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Ndiyo sababu ya mpango wa Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unarudisha kidogo kidogo kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Kwa muuza mahamri, kulipa kwa siku ni rahisi kuliko kungoja mwisho wa mwezi, maana pesa ya biashara ndogo hailali. Someni kwanza gharama ya mkopo wenyewe, mjue mwisho wake mtakuwa mmetoa jumla gani.

Na jambo hili tunaliandika kwa mkazo, kwa kuwa limewaumiza watu: kujiandikisha si kulipa. Aliyejiandikisha tu hutibiwa bila malipo kwenye dispensari na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Akilazwa, akipasuliwa au akihitaji mashine ya figo, huulizwa kama mchango uko hai.

Kuhusu dawa za mumeo za kila mwezi, hizo dispensari na vituo vya afya ndipo mahali pake. Mpelekeni kliniki ya kisukari ya kituo kilicho karibu, na arudi wiki moja kabla dawa hazijaisha, kwa sababu dirisha la dawa likiwa tupu mtaelekezwa duka la nje na pesa hiyo ni yenu. Siku hiyo mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe, kwa mfano metformin, badala ya jina la biashara. Kidonge ni kilekile ila bei ya jina la biashara yaweza kuwa mara kadhaa.

Ndugu yangu wa Changamwe ameanza kusafishwa figo mara mbili kwa wiki. Je, SHA italipa yote?

Kiwango cha SHA ni 10,650 kwa kila kikao, hadi vikao 3 kwa wiki. Ukizidisha vikao 3 kwa wiki 52 unapata 1,661,400 kwa mwaka, kwa nyumba iliyotoa pengine 3,600. Kwa mgonjwa wa figo hakuna hesabu nyingine ya bima inayokaribia hiyo.

Kabla ya kuchagua kituo, ulizeni maswali matatu, na muombe jibu kwa maandishi. Je, bei yenu ni hiyo 10,650 au kuna nyongeza? Vipimo vya damu vya kila mwezi na sindano za kuongeza damu vimo ndani? Mashine ikiharibika mgonjwa ahamishiwa wapi? Kituo cha mbali kisicho na nyongeza huenda bado kikawa ghali ukijumlisha tuktuk na matatu mara nne kwa wiki, kwenda na kurudi. Pia andikeni kwenye simu tarehe ambayo mchango wa mwaka unaisha, mkumbushwe mwezi mmoja kabla. Mgonjwa wa figo hawezi kuruka wiki.

Nina miaka 34, naishi Tudor. Niligunduliwa presha mwaka 2021, natumia kidonge kimoja tu na iko sawa. Ajenti amenambia kwenye fomu niandike "hapana" ili ada isipande. Kuna ubaya?

Upo, kaka, na utabebwa na wewe, si na ajenti. Sahihi iliyo chini ya fomu ni yako. Siku utakayolazwa, daktari wa zamu atakuuliza una maradhi gani na tangu lini, nawe utamwambia kweli kwa sababu unataka kupona. Ataandika "presha tangu 2021" kwenye faili. Kampuni ikipokea dai itaomba ripoti hiyo, itailinganisha na fomu, na ikiona umeficha inaweza kukataa dai lile na hata kuifuta bima tangu siku ya kwanza. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli pande zote mbili. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio huja na bili ya hospitali.

Badala ya kuficha, nenda na ushahidi kwamba ugonjwa umedhibitiwa. Pima presha nyumbani au kliniki kwa miezi mitatu, uandike tarehe na namba. Omba barua fupi ya daktari yenye jina la dawa, kipimo chake, na kauli kwamba figo na moyo havijaathirika. Mwenye kisukari aongeze kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Anayekadiria hatari kwenye kampuni huogopa zaidi asichokijua. Presha iliyotajwa bila namba huikadiria kwa ubaya wake wote.

Baada ya hapo kampuni ina njia nne: ikupokee kama wengine, iongeze ada, ikungojeshe, au iuondoe ugonjwa huo kabisa kwenye bima. Ya mwisho ndiyo ya kukataa ukiweza. Kungoja mwaka kuna mwisho, ila ugonjwa ulioondolewa hubaki nje miaka yote. Mwambie ajenti wazi: "Naomba kipindi cha kungoja badala ya kuondolewa," na jibu lije kwa maandishi.

Vipindi vya kungoja hutofautiana, lakini kwa kawaida ajali hulipiwa mara moja, maradhi ya kawaida baada ya siku 30, na ugonjwa sugu au uliokuwapo kabla baada ya mwaka mmoja. Saratani mara nyingine hufika miaka miwili. Angalia pia kikomo cha ndani. Bima ya 1,000,000 ikiwa na kikomo cha 200,000 kwa magonjwa sugu, basi kwako wewe mwenye presha thamani yake ya kweli kwa kiharusi au moyo ni hizo 200,000. Soma ukurasa huo kabla ya ule wenye picha za familia zinazocheka.

Mambo mawili madogo. Usiache bima ikatike hata kwa wiki chache, maana ukirudi huenda ukaanza kungoja upya. Na weka SHA hai, kwa kuwa kampuni nyingi huhesabu sehemu ya SHA kwanza. Isipokuwepo, sehemu hiyo inaweza kukurudia.

Msomaji mwingine, wa Mvita, ametuuliza kuhusu virusi vya ukimwi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 imekataza mtu kulazimishwa kupimwa au kutaja hali yake ili tu apate bima. Kampuni zatakiwa kuweka kiwango cha bima ambacho chini yake hawakuulizi. Ukitaka zaidi ya hapo, wanaweza kuongeza ada kwa kiasi kisichokiuka haki.

Sisi ni waendeshaji boda boda 20 wa Likoni, tuna chama cha kuweka akiba. Wawili wetu ni wagonjwa, mmoja wa pumu na mmoja wa selimundu (sickle cell). Tukinunua bima ya pamoja, hao wawili watapokelewa?

Ndugu zetu, mmeligusa jambo lenyewe. Bima ya mgonjwa hushuka bei akiingia pamoja na wazima, na hupanda akiingia peke yake.

Tufanye hesabu ya kubuni. Wazima 18 kila mmoja atumie matibabu ya 10,000 kwa mwaka, na wagonjwa 2 kila mmoja 90,000. Jumla ni 360,000. Mkigawana watu 20 ni 18,000 kila mtu. Sasa wazima 10 waseme "mbona nalipa 18,000 nami natumia 10,000?" wajitoe. Wanabaki 8 na wagonjwa 2, jumla 260,000, na kila mmoja sasa adaiwa 26,000. Mwaka ufuatao wazima wengine wanatoka. Mwishowe wamebaki wagonjwa wawili, kila mmoja na 90,000 yake, na hapo bima hakuna tena. Hivyo ndivyo vikundi vingi hufa. Makampuni yanajua, na ndiyo maana yana masharti.

Sharti la kwanza ni kikundi kiwe na kazi nyingine mbali na kununua bima. Kiwe kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki. Chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022, kikundi chahitaji watu 10 au zaidi, kwa hiyo mnafaa. Sharti la pili ni kwamba wanachama wote waingie. Msiruhusu mtu achague, kwa sababu watakaochagua kuingia ni wale wanaojijua wagonjwa, na kampuni itapandisha bei kwa hofu hiyo. Liandikeni kwenye katiba ya chama.

Tayarisheni orodha yenye jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na wategemezi wa kila mmoja. Pelekeni kwa dalali wa bima mwenye leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, awatafutie bei kwa kampuni tatu au zaidi, na swali lenu kuu liwe hili: magonjwa yaliyokuwapo yatalipiwa tangu siku ya kwanza, na kwa kikomo gani? Kwa vikundi vikubwa jibu mara nyingi ni ndiyo. Kwa vidogo kama chenu hubishaniwa, na hapo ndipo dalali mzuri hufanya kazi yake. Mtajeni mwenye selimundu kwa jina la ugonjwa wake. Huo ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na baadhi ya mikataba huyatenga maradhi ya kuzaliwa kwa sentensi moja iliyojificha. Ulizeni pia ni hospitali gani za upande wa Likoni ziko kwenye orodha, ili mtu asivuke feri na mtoto mwenye homa.

Kinachovunja bima za vyama ni malipo. Kwa sheria ya Kenya, kampuni haianzi kubeba hatari kabla ya ada kulipwa. Mkikusanya mwezi kwa mwezi na watu watano wakachelewa, huenda bima ya wote ikasimama. Afadhali mchange kwanza kwa miezi michache mpaka mfikishe ada ya mwaka ndipo muanze, au mchukue mkopo wa ada ya bima benki, chama kikiwa mdhamini. Na tarajieni mwaka wa pili bei kubadilika kulingana na matumizi ya mwaka wa kwanza. Mtu mwenye mafua asiende hospitali ya kifahari kwa kadi ilhali kituo cha afya kiko jirani. Gharama ile itawarudia wote.

Kwa wasioweza ada ya kampuni, chama bado kina faida: kichange pamoja SHA ya kila mwanachama, na kisimamie tarehe zake. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwenu, na bima ya kampuni iwe ya kulaza tu, juu ya SHA.

Kakangu yuko Marekani. Aniambia kule kampuni haiwezi kumkataa mgonjwa. Kwa nini huku yaweza?

Asemavyo ni kweli, lakini haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2010, kampuni za kule ziliwakataa wagonjwa walionunua bima wenyewe, na majimbo 35 yalikuwa yamewatengenezea mifuko yao ya pekee. Mifuko ile ilikusanya wagonjwa watupu. Ada zikawa juu kuliko za wengine, mingine ikawa na foleni ya kuingia, na mingi ikawangojesha watu miezi kabla ya kulipia ugonjwa uleule uliowaleta. Serikali kuu nayo ikafungua mfuko wa muda wenye dola bilioni 5. Mapema mwaka 2013 ukaacha kupokea watu wapya ili pesa zisiishe.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2014 wakabadilisha njia. Kampuni zikakatazwa kumkataa mgonjwa au kumwongezea ada kwa ugonjwa wake. Umri, mahali anapoishi na uvutaji tumbaku ndivyo vilivyoachwa kubadilisha bei, na hata mzee hawezi kutozwa zaidi ya mara tatu ya kijana. Ila hawakuishia kwenye katazo. Serikali iliwasaidia wenye kipato kidogo kulipa ada, na asiyekuwa na bima alitozwa faini, hadi faini hiyo iliposhushwa kuwa sifuri mwaka 2019. Nia ilikuwa kuwavuta wazima ndani.

Huku kwetu kampuni za kibinafsi hazijawekewa katazo kama hilo. Njia iliyochaguliwa ni SHA, ambayo sheria yake inamtaka kila mkaazi ajiandikishe. Itafanikiwa kadiri wazima wanavyolipa. Kijana wa Nyali asiyeumwa na kitu, anayesema atalipa akiugua, ndiye anayeipandisha gharama ya mama mwenye kisukari wa Kisauni.

Nimeajiriwa, naacha kazi mwezi ujao. Nina saratani ya titi iliyotibiwa, bima ya kazini ilinipokea bila maswali. Nifanyeje nisibaki nje?

Dada, fanya haya ukiwa bado kazini. Omba kwa mwajiri barua inayoonyesha ulikuwa kwenye bima gani, tangu lini hadi lini, bila kukatika. Kisha ipelekee kampuni ileile ombi la kuhamia bima ya mtu binafsi kabla kadi yako haijazimwa, ukiomba kipindi cha kungoja kiondolewe kwa sababu ya miaka uliyokwisha kuwa nao. Hawalazimiki kukubali, lakini ombi lililokuja kabla ya kadi kuisha hupokewa tofauti na lililokuja baadaye.

Kwa SHA, makato ya mshahara yatakoma, nawe utahesabiwa kama asiye na mwajiri: pitia maswali ya uwezo na ulipe mwaka. SHA ilipoanza, kikomo cha saratani kilikuwa 400,000 kwa nyumba kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi. Viwango hutangazwa upya kwenye gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo uliza ofisi ya SHA ya hospitali unakofuatiliwa kabla ya kila awamu ya matibabu. Ukiendelea kuwa na kipato kinachotozwa ushuru, ada ya bima ya kibinafsi hukupa nafuu ya asilimia 15 ya ada hiyo kwenye ushuru wako wa KRA, mamlaka ya ushuru, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Hifadhi cheti cha kampuni.

Mamangu ana miaka 68, moyo wamsumbua, na aishi kwangu. Naweza kumweka kwenye SHA yangu?

Huwezi. Mzazi hahesabiwi kuwa mtegemezi. Huandikishwa kama nyumba yake mwenyewe. Asiye na kipato mara nyingi hupangiwa kiwango cha chini, nawe waweza kumlipia kwa simu yako. Kampuni za kibinafsi nyingi hufunga mlango wa kuingia mara ya kwanza kati ya miaka 60 na 65. Zinazowapokea wazee hudai uchunguzi wa daktari na ada nzito, na moyo huenda ukaondolewa, kwa hiyo ungelipa sana kwa kile asichokihitaji.

Tungekushauri umlipie SHA, kisha kile ambacho ungeipa kampuni ukiweke kando kwa jina lake kila mwezi, kwa ajili ya nyongeza. Nyongeza ipo: SHA hulipa kitanda 3,360 kwa siku kwenye hospitali ya ngazi ya 4 na 3,920 ngazi ya 5, na hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yenu. Uliza bei ya siku kabla ya kusaini fomu ya kulazwa. Akizidiwa ghafla, mpeleke iliyo karibu bila kuhesabu. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na mhamishe akishatulia. Beba kitambulisho chake halisi, orodha ya dawa zake, na simu yenye laini iliyosajiliwa SHA kwa jina lake.